Usukani Unapolia: Maneno kwa Madereva na Mafundi

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama madereva na mafundi wa gereji. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini siku ile.)



Twawashukuru kwa kuitoa Jumamosi yenu, maana twajua wengi wenu hamna siku nyingine ya kukaa na watoto. Sisi tulioombwa kusema ni mafundi wa gereji. Hatukuzoea kusimama mbele ya watu. Tumezoea kulala chali chini ya gari. Mkituona twababaika, mtusamehe.

Katika mikutano iliyopita mmesikia habari za mishahara, saa za kazi na likizo. Leo twataka kusema juu ya jambo dogo ambalo watu hulicheka, yaani usukani unaolia. Hatusemi habari za malori wala mabasi. Twasema juu ya yale magari makubwa ya nyumbani, yaliyoinuka juu, yenye viti vitano au saba, ambayo wanachama wetu wengi huyaendesha wakipeleka watoto wa tajiri shuleni, na ambayo sisi huyatengeneza kila siku. Mkitusikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba mlio huo mdogo ulitaka kumnyang'anya mwenzetu mmoja mshahara wake, na mwingine ulitaka kumnyang'anya uhai.

Tuanze na huyo wa mshahara. Yeye ni dereva wa nyumbani. Gari lake liliingia nchini kutoka Japani likiwa limekwisha tumika, kama yalivyo mengi tunayoyaona. Ninyi mwajua kwamba kwa kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 gari la mtumba halikubaliwi kuingia Kenya likiwa na umri wa kupita miaka 8. Lakini hata gari la miaka saba raba zake zimekwisha kuzeeka, na hapa kwetu zakutana na vumbi na mashimo.

Usukani wa gari hilo ulianza kulia kila alipokata kona: kwii, kwii. Dereva akamwambia tajiri, kama ilivyompasa. Tajiri akalipeleka gari gereji. Fundi akasema ni vichwa vya tai rodi, vikabadilishwa. Gari likaendelea kulia. Likapelekwa kwa fundi mwingine, naye akasema ni shoki za mbele, zikabadilishwa zote mbili. Gari likaendelea kulia. Ndipo tajiri alipokasirika akamwambia dereva, "Wewe ndiwe uliyeliharibu kwa kulipitisha mashimoni. Fedha hizi nitazikata katika mshahara wako."

Dereva akaja kwetu na gari. Hatukushika spana. Tulimwambia akae kitini, auzungushe usukani polepole, na mmoja wetu akainama pale penye pedeli, akatega sikio. Palepale ilijulikana. Shafti ya usukani hupita katika tundu la ukuta wa chuma unaotenga miguu ya dereva na chumba cha injini, na katika tundu hilo mna raba ya kuzuia maji, vumbi na kelele. Raba ile ilikuwa imekauka, ikawa yaisugua shafti. Tuliipangusa, tukaipaka grisi ya silikoni kiasi cha ncha ya kidole. Mlio ukaisha. Kazi yote haikutimiza nusu saa, na grisi yenyewe haikuwa na bei ya kutajwa mbele ya bei ya shoki mbili.

Ndugu zetu, wale mafundi wawili wa kwanza si wezi, wala si wajinga. Mikono yao ni mizuri. Kosa lao ni kwamba walifungua nati kabla ya kusikiliza. Mganga akiletewa mtoto anayelia hamkati tumbo kwanza; humwuliza mama yake, humgusa hapa na pale. Basi na sisi tufanye hivyo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Swali la kwanza: je, usukani walia injini ikiwa imezimwa? Simamisha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, fungua kufuli ya usukani kwa ufunguo lakini usiwashe injini. Zungusha usukani kidogo, robo ya mzunguko kila upande. Ukiwa mzito mno usiulazimishe. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, uliweke gari juu ya stendi imara, ndipo uzungushe. Ukilia hivyo, basi mkanda wa injini na pampu ya oili havimo katika kesi. Tafuta katika usukani wenyewe, shafti yake, au miguu ya gari.

Swali la pili: je, walia injini inapozunguka tu, tena zaidi ukiufikisha mwisho? Hapo tazama chini ya boneti.

Swali la tatu: je, gari hulia likipita juu ya tuta hata kama hukuzungusha usukani? Hapo mashaka yaelekee chini, kwenye bushi, boli jointi na shoki.

Swali la nne: je, mlio hubadilika asubuhi ya baridi, au baada ya mvua, au baada ya gari kuoshwa kwa maji ya nguvu? Mlio unaonyamaza ukilowa maji, kisha ukarudi pakikauka, mara nyingi ni wa raba.

Dereva ndiye mwenye majibu haya, maana yeye hukaa na gari kutwa. Fundi asiyemwuliza dereva amejinyima shahidi wake wa kwanza. Tena ninyi madereva msituambie tu, "Gari lina kelele." Tuambieni ni lini, wapi, na likifanya nini.

MAHALI PANNE PANAPOLIA

Ukisha kupata majibu, mtu mmoja azungushe usukani na mwingine afuate mlio kwa sikio na kwa kiganja. Ziko pahali panne pa kutazamwa.

Pahali pa kwanza ni usukani wenyewe na kifuniko cha plastiki kilicho nyuma yake. Kifuniko hicho kikisogea kidogo, labda kwa sababu mtu alifungua skurubu asizirudishe sawasawa, basi husugua mgongo wa usukani na kutoa mlio wa kukwaruza. Dawa yake ni kulegeza skurubu, kukikalisha mahali pake, na kukaza bila kupita kiasi. Usimwage oili ya injini juu ya plastiki. Itavuta vumbi, na mlio utarudi na ndugu zake.

Ndani zaidi, nyuma ya usukani, mna utepe wa nyaya uliokunjwa kama springi ya saa, ambao hupeleka umeme kwenye honi na kwenye mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Utepe huu nao huweza kulia kama karatasi inayosuguliwa. Hapa twasema kwa sauti kubwa: asiyefundishwa kazi hii asiuguse. Mfuko ule hufura kwa muda ulio mfupi kuliko kufumba jicho, nao waweza kumvunja mtu uso. Fundi aliyefundishwa huyanyosha magurudumu kwanza, huondoa waya wa hasi katika betri, na kungoja muda ulioandikwa katika kitabu cha gari. Sisi hatungoji chini ya dakika 10. Hapimi nyaya za mfuko kwa mita. Akiutoa mfuko, huuweka chini uso wake ukitazama juu. Na utepe mpya lazima uwe katikati ya mizunguko yake, kwani ukifungwa umepinda utakatika siku dereva atakapokata kona kabisa, na mfuko hautafanya kazi siku ya ajali.

Pahali pa pili ni shafti ya usukani, yaani pale tulipompata yule mwizi wa mshahara. Inama penye pedeli, usikilize, uiguse ile raba mtu anapozungusha. Ikiwa ndiyo yenye kulia, isafishe na kuipaka grisi ya silikoni. Msitumie grisi ya beringi wala oili ya petroli, kwa maana raba nyingi hufura na kuoza kwa vitu hivyo. Katika shafti hiyo hiyo mna jointi za msalaba. Zikishika kutu, usukani huwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine, na huenda ukasikia ka-ka-ka mkononi. Jointi ya namna hiyo hubadilishwa. Kabla ya kuifungua weka alama ya rangi, ili shafti irudi kama ilivyokuwa, usukani usije ukakaa upande.

Pahali pa tatu ni chini ya boneti. Magari mengi ya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme, wala hayana pampu ya oili katika usukani. Basi tazama kwanza usije ukatafuta kisichokuwapo. Lakini yenye pampu bado ni mengi, na pampu hiyo huzungushwa na mkanda. Dereva akiufikisha usukani mwisho, pampu hufanya kazi ngumu kabisa, na mkanda uliolegea au kung'aa kwa uzee huteleza na kupiga yowe. Nyunyiza matone machache ya maji kwenye mkanda injini ikiwa yazunguka, mikono, mikono ya shati na nguo zote zikiwa mbali. Mlio ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, mashaka ni juu ya mkanda wenyewe au magurudumu yake yasiyosimama mstari mmoja. Ukizidi, mkanda umelegea. Kama sauti si yowe bali ni kuguna, tazama oili ya usukani. Ikiwa imepungua, au ina povu, tafuta kwanza inapovujia ndipo uongeze, tena uongeze ile iliyoandikwa katika kifuniko au katika kitabu. Na ninyi madereva, msiushikilie usukani mwisho kwa zaidi ya nukta chache, mnaipika pampu.

Pahali pa nne ni miguu ya gari, na hapa twawaomba mtege masikio zaidi.

Magari haya mengi yana miguu ya mbele ya mtindo uliotungwa na Earle MacPherson wa Marekani katika miaka ya 1940: shoki na springi zimesimama pamoja, na juu yake pana beringi inayoziruhusu kuzunguka pamoja na gurudumu. Beringi hiyo ikikauka, springi hujikaza halafu huruka ghafula. Weka kiganja juu ya springi bila kuingiza vidole kati ya mizunguko yake, mwenzako azungushe usukani, utaisikia ikiruka. Beringi hubadilishwa, lakini springi lazima ifungwe kwa chombo chake maalumu. Springi iliyobanwa kwa waya au kwa kamba ni sawa na bunduki iliyotiwa risasi.

Chini yake iko boli jointi, inayoshika gurudumu na mkono wa chini wa gari. Raba yake ikipasuka, grisi hutoka, maji na vumbi huingia, na chuma husugua chuma. Mlio wake ni kama mlango mkuukuu, katika kona na katika matuta. Iguse kwa kiganja, utasikia ikitetemeka. Kisha inua gurudumu, tia gari stendi, tikisa tairi juu na chini, na kuliinua kwa mtaimbo. Ikicheza zaidi ya kiasi kilichoandikwa na watengenezaji, haina dawa ila kubadilishwa.

KOSA LETU WENYEWE

Ndugu zetu, sasa tutakiri kosa letu, kwa maana hatukuja hapa kuwasengenya mafundi wengine tu.

Zamani kidogo aliletwa gari la namna hiyo hiyo. Tulilipima, tukaona ni boli jointi ya kushoto, nayo ilikuwa imekwisha kuanza kucheza. Tukamwambia mwenyewe. Akasema mwezi ni mbaya, karo za shule zimefika, je, hatuwezi kuinyamazisha mpaka mwisho wa mwezi? Nasi, kwa kutaka kumpendeza, tukachukua sindano, tukaitia grisi kwa kuitoboa raba. Mlio ukaisha. Mwenye gari akafurahi, akatulipa, akatusifu.

Wiki tatu baadaye tuliitwa tukalivute. Boli jointi ilikuwa imechomoka, na gurudumu la kushoto limelala kama mguu uliovunjika. Kwa rehema za Mungu dereva alikuwa anaingia polepole katika lango la shule, wala hapakuwa na mtoto mbele. Lau lingetokea robo saa kabla yake, gari lilikuwa barabara kuu, limejaa watoto. Hatukulala vizuri usiku ule.

Basi tulijifunza kitu kilichokuwa kigeni kwetu, ijapokuwa tumezeeka katika kazi. Grisi ile ile iliyo dawa kwenye raba ya shafti, ni uongo kwenye boli jointi iliyoliwa. Kule ilikuwa kuponya. Huku tulimziba shahidi mdomo. Kunyamaza kwa gari si kupona kwa gari. Tangu siku ile neno letu kwa mwenye gari ni moja: "Mlio wa plastiki na wa raba twaweza kukupunguzia. Jointi inayocheza hatuinyamazishi." Akienda kwa mwingine, aende. Fedha yake twaitaka, lakini si hiyo.

HAKI YA MWENYE KUSHIKA USUKANI

Katika kisa hicho tajiri alitaka kumwachisha dereva kazi, akisema hakutoa habari. Lililomwokoa dereva ni daftari la shule, la bei ndogo. Alikuwa ameandika ndani yake tarehe, saa, na maneno haya: "Gari lalia mbele kushoto. Nimemwambia bwana." Tajiri alipoonyeshwa alinyamaza.

Kwa hiyo twawaomba madereva wote wafanye vivyo hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi amwarifu mkubwa wake jambo lolote aonalo lina hatari na ambalo hawezi kulitengeneza mwenyewe. Tena sheria hiyo yamlinda asifukuzwe wala kuadhibiwa mfanyakazi aliyeondoka mahali pa kazi kwa kuwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu. Lakini sababu ya haki huonekana vizuri zaidi ikiwa imeandikwa. Gari bovu likisimamishwa barabarani, mtu wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani, si aliyekaa ofisini.

Na juu ya kukatwa mshahara: Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Twarudia: la makusudi. Raba iliyokauka kwa jua na miaka si makusudi ya mtu. Yule mwenzetu wa kwanza alipomweleza tajiri wake maneno hayo kwa upole, akiwa na karatasi yetu inayosema tulichokiona na tulichokifanya, fedha hazikukatwa. Leo bado yuko kazini, na watoto wale bado wanapelekwa shule na yeye.

Nasi mafundi tuna wajibu wetu. Tuandike katika karatasi mlio ulikuwa wapi na tuliujuaje. Tukibadilisha kitu, kile kikuukuu tumrudishie mwenye gari akione kwa macho. Vichwa vya tai rodi vikiguswa, tumwambie gari likapimwe magurudumu, ama sivyo tairi zitaliwa upande. Na kazi tusiyoijua tuseme hatuijui. Fundi hapungukiwi na heshima kwa kusema hivyo. Hupungukiwa gari likirudi mara ya tatu na mlio ule ule.

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi kwa habari ya mlio mdogo. Tumeleta daftari kadha, ziko pale mezani kwa katibu. Kila dereva achukue moja kabla hajatoka, aandike jina lake juu, na Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha injini, auzungushe usukani robo upande huu na robo upande huu, asikilize, kisha aandike alichosikia. Hata kama hakusikia kitu, aandike hivyo.